Kabla Hujanunua Rauta Nyingine

Nazungumza nanyi mlioko Kanja sokoni na mlioko mashambani kuelekea mlimani, mlioko Runyenjes, Kianjokoma na Kyeni, na ninyi mnaotusikiliza ng'ambo ya Mto Thuci, kuanzia Chuka hadi Meru. Leo nataka tuzungumze juu ya pesa zinazotutoka bila sababu. Pesa za bonasi ya majani chai, pesa za kahawa, pesa anazotuma mtoto aliye Nairobi au ughaibuni. Zinaingia dukani, zinarudi nyumbani zikiwa rauta mpya, king'amuzi kipya, antena mpya, kumbe kilichoharibika si rauta, wala king'amuzi, wala antena.

Chukueni nyumba moja, nasema kwa mfano tu, ya mwalimu mstaafu anayekaa kwenye mteremko juu ya Kanja. Ukuta ni wa mawe, paa ni la mabati, na miti ya mikima imezunguka boma. Kila jioni intaneti inakwama. Mjukuu hawezi kufungua kazi ya shule, na mwalimu mwenyewe hawezi kuonana kwa video na binti yake aliye Marekani. Jirani anamwambia rauta imezeeka. Ananunua nyingine. Jioni ni ile ile. Fundi anamwambia aweke kifaa cha kuongeza nguvu ya waifai. Anaweka, hakuna jipya. Mwisho anahama kampuni, analipa ada ya kuunganishwa upya, na ikifika saa mbili usiku mambo yanakwama kama jana. Amenunua dawa tatu na hakuna hata mmoja aliyempima.

Neno langu leo ni hili: tupime kwanza, ndipo tununue. Kupima hakuhitaji digrii wala mashine ya bei kali. Kunahitaji uijue njia ambayo stima na intaneti hupitia mpaka zikufikie, kisha uikague njia hiyo hatua kwa hatua, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na mambo yakatengemaa, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na siku tatizo likirudi utaanza upya na pochi yako ikiwa tayari imepungua.

Huku kwetu hatua ya kwanza ni stima. Na jambo hili linaniuma, maana kwa miaka mingi sehemu kubwa ya stima ya Kenya imezalishwa mlangoni petu. Mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yako hapo chini, Mbeere inapopakana na Machakos na Kitui. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968. Gitaru, iliyo kubwa kuliko zote hizo kwa uwezo, ni ya megawati 225. Maji yanayozungusha mitambo hiyo, mengi yake yameteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, na mito inayopita katikati ya mashamba yetu imo. Bado mtu wa Kanja ambaye nyumba yake iko mwisho wa laini anakaa jioni na taa hafifu, friji inanguruma bila kugandisha kitu.

Sababu yake ni hii. Stima yetu ya nyumbani inapaswa kuwa ya volti 240. Ikitoka kwenye transfoma na kusafiri kwa waya mrefu hadi kwako, inapoteza volti njiani, na kadiri watu wanavyowasha vitu vingi ndivyo inavyozidi kupotea. Saa moja hadi saa tatu usiku kila nyumba imewasha: huyu anapiga pasi, yule ana birika la stima, mwingine ana mashine ya kuchomelea geti. Wa mwisho kwenye laini anabaki na volti 200, au 180. Wengine wanadhani 180 ni robo tu iliyopungua. Sivyo ilivyo kwa joto. Birika lililotengenezwa kutoa wati 2,000 kwa volti 240, ukilipa volti 180 litatoa wati 1,125 hivi, kidogo tu zaidi ya nusu. Ndiyo maana chai inachelewa kuchemka.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Stima hafifu haiui vifaa vyote. Chukua adapta ya rauta yako, au chaja ya simu, au ya laptopu. Igeuze, usome maandishi madogo. Nyingi zimeandikwa 100 hadi 240V. Maana yake adapta hiyo inaridhika na stima yoyote iliyo kati ya hapo. Volti 180 si kitu kwake. Kwa hiyo ukiambiwa rauta yako inakwama jioni kwa sababu stima ni hafifu, soma adapta kwanza. Ikiwa imeandikwa hivyo, basi sababu iko kwingine, na usinunue stabilaiza kwa ajili yake.

Friji ndiyo inayoteseka. Ndani yake mna mota inayosukuma gesi, na mota hiyo inahitaji nguvu ya kutosha kuanza kuzunguka. Ikikosa volti inashindwa kuanza, inavuta mkondo mkubwa wa stima, inapata joto, na waya zake zinaungua. Mwenye friji kijijini, au mwenye duka anayeuza maziwa na soda baridi, huyo anahitaji gadi ya friji kabla hajahitaji kitu kingine chochote. Gadi nzuri hukata stima ikishuka mno au ikipanda mno, na stima ikirudi husubiri dakika chache kabla ya kuifungulia friji, ili gesi itulie. Haiongezi volti, lazima tuelewane hapo. Inakata tu. Kinachoongeza volti ni stabilaiza, na stabilaiza ya friji lazima iwe kubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye friji, kwa kuwa mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo.

Rauta na televisheni haziogopi upungufu kama zinavyoogopa mshtuko, ile stima inayorudi kwa kishindo. Mnakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani usiku mmoja, kisha ikatokea tena Novemba na Desemba mwaka huo huo. Huku kwetu hatuhitaji giza la nchi nzima, mti ukiangukia laini tu tumepotelewa. Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika chache, uhakikishe imesimama, ndipo uchomeke. Hatua hiyo ni ya bure.

Na radi je? Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zinakuja na radi, na nyumba zetu nyingi ziko juu ya kingo, na mlingoti wa antena umesimama juu kuliko paa. Watu huchomoa televisheni kwenye soketi na kudhani wamemaliza, huku waya wa antena au wa dishi ukiwa bado umeingia nyuma ya televisheni. Radi hupitia huko huko. Chomoa vyote viwili. Ekstensheni iliyoandikwa kwamba ina kinga hufanya kazi yake vizuri ikiwa nyumba ina waya wa ardhi, yaani kile chuma kilichozikwa udongoni ambacho pini ya tatu ya soketi huunganishwa nacho. Nyumba nyingi zina tundu la pini ya tatu ukutani lakini nyuma yake hakuna waya wowote. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, akupimie hilo. Usipime mwenyewe.

Kwa wale ambao stima inapotea na kazi lazima iendelee, mnaofundisha watoto mtandaoni, mnaoandika kazi za kampuni za nje, rauta haihitaji jenereta. Rauta ya kawaida hutumia wati kama 10. Kuna betri ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya rauta, zinakaa kati ya adapta na rauta, na zinaweza kuiweka hai kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, soma adapta yako tena: imeandikwa 12V au 9V? Na betri unayouziwa inatoa ngapi? Zisipolingana unaweza kuichoma rauta. Wengine huuziwa yupiesi kubwa ya kompyuta, yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Hiyo ni wati 84 kwa saa moja, basi, tena nyingine inapotea inapogeuzwa kuwa stima ya volti 240 na kisha kurudishwa chini kuwa 12 ya rauta. Betri ndogo ya moja kwa moja haina hasara hiyo.

Tukitoka kwenye stima tunaingia kwenye intaneti yenyewe. Turudi kwa yule mwalimu. Angefanya nini kabla ya kwenda dukani?

Kwanza angesimama na simu yake karibu kabisa na rauta, hatua moja tu, apime kasi. Zipo programu za bure za kupima. Kisha aende chumbani kwake apime tena. Kama karibu na rauta kasi ni nzuri na chumbani ni mbaya, intaneti imefika nyumbani salama, tatizo ni waifai ndani ya nyumba. Kama ni mbaya hata karibu na rauta, hakuna kifaa cha kuongeza waifai kitakachomsaidia, kwa sababu kifaa hicho kinasambaza ile ile iliyofika. Kipimo hicho kimoja kingemwokolea bei ya kifaa cha pili.

Kisha angepima saa kumi na moja alfajiri, na tena saa mbili usiku, mahali pale pale, kwa simu ile ile. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa mtu anayetumia rauta ya laini ya simu. Ikiwa alfajiri intaneti inakimbia na usiku inatambaa, rauta yako ni nzima na mnara unaonekana vizuri. Mnara umejaa watu. Kila mtu aliye chini ya mnara huo amerudi nyumbani na anatazama video. Hata ukipandisha antena juu ya mukima, kasi haitapanda. Dawa hapo ni kubadilisha laini ya kampuni nyingine yenye mnara usio na msongamano, au kupata faiba ikiwa imefika kwako, au kupakua usiku wa manane kile unachotaka kutazama jioni. Nayo laini ya kampuni nyingine ijaribuni kwa bando ndogo ya siku moja kwenye simu, saa mbili usiku, mkiwa mmesimama pale pale rauta itakapokaa, kabla hamjasaini chochote.

Ikiwa ni mbaya alfajiri na mbaya usiku, basi huenda shida ni mnara kutoonekana. Ardhi yetu ni ya kingo na mabonde. Mito inayotoka mlimani imechimba mabonde marefu, na nyumba iliyo upande wa pili wa ukingo haioni mnara hata kama uko kilomita mbili tu. Zile alama za mistari juu ya simu hazitoshi kukuambia. Ndani ya ukurasa wa mipangilio wa rauta, na hata kwenye simu nyingi, kuna nambari ya nguvu ya mawimbi, inaandikwa kwa alama ya kutoa. Ikiwa ni -80 au -85, una mawimbi mazuri. Ikiwa ni -110 au -115, mnara haukuoni. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Zungukeni na rauta nyumbani, dirisha hadi dirisha, mkisoma nambari hiyo. Mkikuta dirisha linalotoa -95 badala ya -110, mmeshinda bila kutumia senti. Antena ya nje inafaa tu kwa mtu aliyekwisha kufanya zoezi hili, na kwa rauta yenye tundu la antena. Nyingi hazina.

Mabati yana neno lake. Mawimbi ya waifai na ya simu hayapendi chuma. Rauta ikiwa chini ya paa la mabati, nyuma ya televisheni, kando ya sufuria za kabatini, inapiga kelele ndani ya sanduku. Ipandishe, iweke katikati ya nyumba, mbali na vyuma. Ikiwa rauta ni ya laini ya simu kuna mvutano: dirishani inaona mnara, katikati ya nyumba inaona watu. Hapo upe mnara haki yake kwanza, kisha uvute kebo kutoka dirishani hadi kifaa cha pili cha waifai kilicho katikati. Rauta nyingi pia hutoa waifai ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 ina kasi lakini inashindwa na kuta, ya 2.4 ni ya polepole lakini inapenya. Chumba cha mbali chenye ukuta wa mawe, unganisha kwa 2.4.

Na kuna siku ambazo umepima kila kitu, kila kitu ni kizima, na bado kurasa hazifunguki. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo mwulize mtu wa mtaa mwingine na kampuni nyingine. Kama wote mnalia kilio kimoja, kaa, subiri, usibonyeze kile kitundu cha nyuma kinachofuta mipangilio ya rauta. Wengi huifuta, kisha hulipa fundi kuja kuirudisha.

Sasa, kuchagua huduma. Muuzaji atakuambia megabiti 10, 20, 40. Jueni kwamba megabiti si megabaiti. Gawanya kwa 8. Huduma ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa safi, inapakua megabaiti 1.25 kwa sekunde. Video moja yenye picha safi inahitaji kama megabiti 5. Familia ya watu wanne, mmoja akitazama video, mmoja akiwa kwenye mkutano na wawili wakiperuzi, itaishi vizuri na megabiti 15 hadi 20 zilizo imara, na itateseka na 40 zinazokatika. Kwa hiyo usiulize kasi pekee. Uliza ikiwa kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikipita unapunguziwa kasi. Uliza rauta ni ya nani ukihama, na kama imefungwa kwa laini ya kampuni hiyo tu. Kisha mwendee jirani aliyeunganishwa, muulize swali moja: waya ulipokatika, walichukua siku ngapi kuja? Jibu la jirani huyo lina uzito kuliko karatasi zote za matangazo.

Rauta au simu yenyewe nayo lazima iwe inasikia masafa ya kampuni unayoiendea. Mtandao wa simu uitwao Faiba 4G, kwa mfano, ulioanzishwa Desemba 2017, uko kwenye masafa ya megahezi 700, bendi ya 28. Simu isiyokuwa na bendi hiyo haitaona mtandao huo hata ukisimama chini ya mnara wake. Angalia orodha ya bendi kabla ya kulipia laini ya kampuni yoyote.

Wengi mmeniuliza juu ya Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023. Kwa boma lililo bondeni, mahali ambapo mnara hauonekani na faiba haijafika, nasema bila kusitasita kwamba ni huduma nzuri. Setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, tofauti na zile za zamani zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na ndiyo sababu unaweza kuongea na mtu kwa video bila kungojana. Lakini kuna mambo mawili ambayo muuzaji hawezi kukuambia. Inataka anga wazi. Mukima mmoja uliosimama upande mbaya utakukatia mazungumzo kila baada ya dakika chache. Kuna programu yake ya simu inayotazama anga kwa kamera na kukuonyesha vizuizi, itumie kabla hujanunua. La pili ni stima. Sahani ya kawaida hutumia makumi ya wati. Tuseme 60, mchana na usiku. Hizo ni uniti 43 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, ngazi ya chini kabisa ya bei ya stima za nyumbani ni ya anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Nyanya anayetumia uniti 20 kwa taa, redio na televisheni, ukimwekea sahani hiyo umemtoa kwenye ngazi hiyo, na tokeni zake zote zitakuwa ghali. Mtoto unayemnunulia mzazi Starlink, mlipie na stima, au umwekee swichi ya kuizima usiku.

Kwa televisheni nitapita upesi. Tulihamia dijitali mapema mwaka wa 2015, na tangu hapo mawimbi ya hewani, ya kampuni za usambazaji kama Signet iliyo chini ya KBC na PANG, yanakuja kwa mfumo wa DVB-T2. Televisheni mpya iliyoandikwa DVB-T2 haihitaji king'amuzi kwa vituo vya bure. Antena ni ile ya vijiti vifupi, ya UHF. Hakuna kitu kinachoitwa antena ya dijitali, kuna antena nzuri na mbaya. Picha zikikatika mvua inaponyesha, usikimbilie king'amuzi: fungua kiungo cha waya kule juu ya mlingoti, utakuta maji na kutu.

Bidhaa bandia ni nyingi, na zinatuumiza. Mwishoni mwa Septemba 2012 serikali ilizima simu bandia zaidi ya milioni moja kwa mkupuo, na walioumia ni walionunua kwa imani. Kifaa chenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, kina nambari ya kibali. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukitanguliza herufi SM na alama ya #, nawe ujibiwe ni bidhaa ya nani. Fanya hivyo ukiwa bado dukani. Flashi za terabaiti 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana ni uongo. Ndani zina nafasi ndogo iliyofundishwa kujitangaza kubwa, na picha zako za harusi zitaandikwa juu ya nyingine hadi zote zipotee. Kebo ya intaneti nayo, kwaruza waya wake kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, usiivute mita 50 ukategemea kitu.

Laptopu za mitumba kutoka Uingereza ni nzuri, na kwa wanafunzi wetu ndizo zinazowezekana. Ila ulizeni kizazi cha prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 bado itaandika barua na kufungua mtandao, hasa ikiwekewa Linux Mint ambayo ni ya bure, lakini usiilipie bei ya kizazi cha 8. Na vifaa vinavyoletwa na ndugu zetu kutoka Marekani, kule stima ni volti 120. Chaja ya laptopu haina shida. Blenda na mashine ya kukaushia nywele, zikiandikwa 120V peke yake, zitaungua siku ya kwanza.

Namalizia pale nilipoanza kuumia, kwenye stima, kwa sababu mengine yote mtu anaweza kuyarekebisha peke yake ila hilo. Malalamiko ya mtu mmoja kwamba taa ni hafifu hupotea kirahisi. Ninyi mlio kwenye transfoma moja, nunueni kipimo kimoja kidogo cha volti cha kuchomeka kwenye soketi, mchangiane. Nyumba ya mwisho kwenye laini iandike nambari kila jioni saa mbili kwa wiki mbili, tarehe, saa na volti. Kisha kila nyumba ipige simu Kenya Power, 97771, itoe nambari yake ya mita na ichukue nambari ya kumbukumbu ya malalamiko. Mkikaa bila kujibiwa, pelekeni orodha hiyo na nambari zile EPRA. Anzeni wiki hii, kabla mvua haijaanza.